Uzio Unaozunguka Ziwa

Tangazo namba 04, lililotolewa mwezi wa tano mwaka 2024 na ofisi moja ya mji wa Uvira ambayo hapa tutaiita Ofisi, kwa heshima zote, linasema hivi: kupanda kwa maji ya Ziwa Tanganyika ni jambo la ghafla, lisilo na mfano katika kumbukumbu ya wakaaji, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa na njia ya kujua maji yangefika wapi. Tangazo limepigwa muhuri mara mbili. Muhuri wa kwanza haukushika vizuri, na sababu yake tutaifikia.

Basi tuanze kwa kukubali. Jambo halina mfano, na hakuna aliyejua. Sasa tumzungumzie Mama Firmin.

Kanisani aliitwa Domitille. Sisi wajukuu tulimwita Koko. Lakini huku kwetu Kasenga mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando kama nguo ya Jumapili, akaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo mtaani, sokoni na ufukweni alikuwa Mama Firmin, asubuhi hadi jioni, mara arobaini kwa siku. Desturi hii ni nzuri, ina heshima ndani yake. Ubaya wake huonekana pale mama na huyo mtoto wa kwanza wanapoacha kusemeshana. Na Mama Firmin na Firmin waliacha kusemeshana kwa miaka mitano.

"Jambo, Mama Firmin!"

"Jambo."

"Na Firmin iko muzuri?"

"Uliza Firmin."

Kazi yake ilikuwa kukausha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ni kazi ya wanawake wengi wa ufuo huu, na wengi wao huifanya kwa akili: mitumbwi inarudi alfajiri, mwanamke ananunua beseni lake, anamwaga samaki hapo hapo mchangani, jua linafanya kazi na yeye anakaa kivulini. Mama Firmin hakuifanya kwa akili. Alijitwika beseni, maji ya samaki yakimtiririka shingoni, akavuka barabara kubwa na kupanda hadi nyumbani kwake, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mtu mwenye magoti mazuri. Huko alizianika juu ya nyavu kuukuu alizozitandaza kwenye vijiti, usawa wa kiuno, na kila baada ya muda alizigeuza kwa kifagio cha mkono, kwa uso wa mwalimu anayesahihisha madaftari. Matokeo yake ni kwamba ndagala zake hazikuwa na chembe ya mchanga. Wanunuzi waliteremka kwa pikipiki kutoka Luvungi wakimtafuta yeye. "Ya Mama Firmin haivunje meno," walisema. Watu wote wakaamini kwamba alipandisha samaki mlimani kwa ajili ya mchanga, na yeye hakuwasahihisha. Hakuwa mtu wa kukataa sifa kwa sababu tu haikuwa yake.

Sababu yenyewe ilikuwa ziwa.

Mwaka 1964 yeye alikuwa na umri wa kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Siwezi kuwa sahihi zaidi, kwa kuwa kadi ya ubatizo inasema hivi na kadi ya uchaguzi inasema vile, na yeye alipoulizwa alionyesha kwa mkono urefu aliokuwa nao. Mwaka huo wa vita watu wa Uvira walikuwa na mengi ya kukimbia. Maji yalikuwa jambo moja tu kati ya hayo, tena ndilo lililokuja polepole kuliko yote. Baba yake, Jean-Marie, alikuwa mvuvi na aliishi ufukweni kama wavuvi wanavyoishi. Ziwa lilipanda kidole kwa siku. Liliingia uani, likaingia jikoni, mwishowe likaingia chumbani bila kubisha hodi. Walipokwisha kuhamia juu, mama yake alirudi peke yake, akaingia majini hadi kiunoni, akawa anapapasa chini kwa miguu akitafuta mafiga yake matatu, kwa sababu mwanamke anaweza kuacha nyumba lakini haachi mafiga. Alipata mawili. La tatu, kwa kadiri tunavyojua, bado liko pale.

Maji yalipochoka kupanda, Jean-Marie aliufuata mstari wa takataka yaliouacha, mabua na makaa na mifupa ya samaki na kiatu kimoja, na juu ya mstari huo akachomeka matawi ya miyenzi, moja kila hatua, hatua kama mia mbili. Muyenzi ni ule mti wa uzio wenye maziwa makali: unakata tawi, unalichomeka ardhini, unalisahau, linaota. Mbuzi haligusi. Baadaye ziwa lilirudi chini mwaka hadi mwaka, na uzio ukabaki huku juu, mrefu, umenyooka, haufungi mbuzi wala muhogo wala kanisa. Watu walijenga chini yake. Waliokosa miti ya uzio waling'oa pale. Nilipozaliwa mimi ilikuwa imebaki mitatu tu, nyuma ya karakana ya seremala, nayo ilikuwa imenenepa kama wazee waliostaafu vizuri. Koko alipopita na beseni kichwani aliigusa kwa kiwiko, mmoja mmoja, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Alipoposwa na Pierre, fundi wa mashine za mitumbwi, kijana huyo alikuwa na kiwanja kizuri karibu na maji. Alimpeleka akione. Domitille alikitazama, akakisifu, akasema, "Minye nitakuzalia batoto. Lakini juu ya miyenzi." Babu yetu alikuwa na kipaji ambacho hakipewi nishani: alijua mapema vita ipi haina haja ya kupiganwa. Alikiuza kiwanja. Walijenga juu ya barabara, nyumba ya matofali mabichi ambayo kila msimu wa mvua ilitishia kuanguka na kila kiangazi ikabadili mawazo. Watoto wanne walikulia humo. Wawili wa mwisho wako Kalemie na ng'ambo Bujumbura, na hawahusiki hapa ila kwa simu. Wa pili ni Apolline, mama yangu. Wa kwanza ni Firmin.

Firmin alisoma. Firmin alivaa viatu vyenye kamba. Firmin akawa sekretere wa Ofisi, na hakuna mtu mjini aliyepiga taipu haraka kuliko yeye, kwanza kwenye mashine na baadaye kwenye kompyuta, ambako anapiga kwa nguvu ile ile. Mwaka 2018 alinunua parseli, yaani kiwanja, chini kabisa, hatua chache kutoka majini, mahali ambapo mtu akikaa barazani anaiona milima ya Burundi yote bila kulipa. Alipata karatasi zote. Alimleta hata Bienvenu, mpimaji wa Ofisi, ambaye alipita na kamba na vigingi vyake akaikuta ile miyenzi mitatu, na Koko amepumzika chini yake.

"Mama," Bienvenu alisema, "huu uzio unazunguka nini?"

"Unazunguka ziwa."

Bienvenu alitazama chini. Ziwa lilikuwa hatua mia tatu kutoka pale, linang'aa, halina habari na mtu.

"Ziwa iko kule, Mama."

"Imeenda kutembea. Itarudi."

"Na parseli ya Firmin?"

"Ile ni parseli ya ziwa. Weye uliona ziwa ikisaini?"

Bienvenu alicheka sana, na hadithi hiyo ilizunguka Ofisi wiki nzima. Nyumba ikajengwa. Ilikuwa na vyumba vinne, mabati ya rangi, na sebule yenye vigae vya sakafuni vinavyoteleza.

Sasa, katika ukoo wetu mtoto wa kiume akijenga, ni mama yake anayewasha moto wa kwanza. Anachukua makaa kutoka jikoni kwake mwenyewe, anayaweka kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, anatembea nayo bila kumsalimia mtu njiani, anawasha, anapika bugali kidogo, na mwenye nyumba anakula. Kabla ya hapo ni jengo. Baada ya hapo ni nyumba. Hakuna aliyeandika jambo hili popote na hakuna aliyewahi kuliuliza, hadi Jumapili moja ya mwaka 2019, Firmin alipopanda kwa mama yake na mkewe Claudette na kasha la Fanta.

"Mama, ni Jumamosi inayokuja. Batu tumeishaalika."

"Nyumba ni muzuri," Koko alisema. "Niliiona toka barabarani. Iko na madirisha kama biro yenu ya Ofisi."

"Basi utakuja na moto."

"Apana."

"Apana namna gani?"

"Moto yangu haishuke chini ya miyenzi."

Firmin alimtazama mkewe, akajaribu kucheka. "Mama, ile maji ya zamani iko hadisi tu."

"Na figa ya mama yangu iko hadisi? Enda utafute. Iko pale pale, labda chini ya salo yako ya vigae."

"Weye unanikatalia nyumba mbele ya muke yangu?"

"Nakukatalia moto. Nyumba utalala, minye si polisi."

"Basi nitawasha mwenyewe."

"Washa."

Claudette aliuliza kama kuna mtu anayetaka Fanta. Hakuna aliyetaka.

Msomaji atasema ni jambo dogo. Ni dogo kweli. Firmin alitaka mama yake aingie nyumbani kwake na kaa la moto, ili kile alichokijenga kwa miaka ya taipu kiitwe nyumba. Koko alitaka mtoto wake wa kwanza asilale mahali ambapo yeye mwenyewe aliona maji yakiingia mlangoni. Kila mmoja alimwomba mwenzake kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kile kile: njoo upande wangu.

Firmin ni mtu wa sheria, na mtu wa sheria hakosi mwanya. Alivuka hadi Bujumbura akarudi na resho, jiko la umeme la sahani mbili. Hoja yake aliieleza kwa kila mwalikwa: resho haina moto, pasipo na moto hakuna wa kuuwasha, pasipo na wa kuuwasha desturi haijavunjwa. Ilikuwa hoja safi, na ningependa kuiona mahakamani. Jumamosi hiyo umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi Jumanne. Waalikwa arobaini walikula mikate na sardini, wakasifu vigae. Jumapili Claudette, ambaye alikuwa na watoto wa kulisha na si hoja za kutetea, aliomba makaa yaliyokwisha kuwashwa kwa jirani, mwanamke ambaye hata jina lake hawakuwa wamelijua vizuri. Habari ilifika juu ya barabara kabla sombe yake ya majani ya muhogo haijachemka.

"Moto ya mutu tu," Koko alisema. Hakusema lingine, na kwa Firmin hakusema lolote kwa miaka mitano.

Nisimfanye mtu wa huzuni, maana hakuwa hivyo. Miaka hiyo mitano aliishi vizuri. Alikuwa na redio ndogo aliyoigombeza. Alihudhuria kila msiba wa Kasenga na kuupa alama, hasa maharagwe. Alitufundisha wajukuu kuhesabu kwa vichwa vya ndagala, na aliyekosea alikula vichwa. Mtu akimwambia amezeeka alijibu, "Bado. Najaribu tu kama itanikaa." Lakini mara arobaini kwa siku aliitwa Mama Firmin, na mara arobaini kwa siku aliitika.

Tena kulikuwa na Jumapili. Kanisani familia yetu ina benchi lake, la nne kutoka mbele, na wote wawili walikataa kulihama. Mama yangu Apolline aliketi katikati yao kama kikosi cha kulinda amani, na kwa mafanikio yale yale. Ujumbe ulipita kwake. "Mwambie dawa yake ya presha nimemletea." "Mwambie nimeiona." Lakini padri alipofika mahali pa kusema tupeane amani, Kanisa halina mzaha: mtu anampa mkono aliye karibu naye, na aliye mbali kidogo pia. Koko alinyoosha mkono mbele ya kifua cha Apolline, Firmin akaupokea, wakaangalia altare wote wawili. Mkono ulinuka ndagala. Firmin, aliyekuwa na leso nyeupe mfukoni, hakuwahi kuitumia baada ya hapo. Hivyo ndivyo walivyoonana kwa miaka mitano, sekunde mbili kwa wiki, kwa amri ya Roma.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda, likafika kwenye ukuta wa Firmin, likalamba rangi, likarudi. Alituma ujumbe haraka. "Apolline, mwambie Mama maji imekuja, imeona ukuta, imerudi."

Koko aliendelea kugeuza samaki. "Mwambie imekuja kupima. Kama Bienvenu."

Mwaka 2024 yalirudi, na safari hii hayakuja kupima. Mwezi wa tatu yaliingia bustanini. Firmin aliweka mifuko ya mchanga. Mwezi wa nne yaliingia sebuleni, yakavipenda vigae. Firmin aliinua meza juu ya matofali, akaweka kitanda juu ya meza. Alikuwa na mpango wa hatua ya tatu ambao hakuwahi kuueleza, kwa sababu Claudette alisema kwamba yeye, kwa upande wake, hakuolewa ili alale darini kama panya. Huku juu hakuna mtu aliyezungumza habari hizo mbele ya Koko. Ila tuliona kwamba ameagiza gunia zima la unga wa muhogo kutoka Katogota, yeye anayekula bugali wa kiganja kimoja, na kwamba mikeka miwili mipya imetundikwa ukutani. Apolline alimwuliza ni ya nani. "Ya kulalia," alijibu.

Alhamisi moja, asubuhi ya saa tatu, walipanda. Mbele Claudette na godoro kichwani. Nyuma yake watoto watatu, kila mmoja na sufuria. Mwisho Firmin, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu vyake vyenye kamba vimening'inia shingoni, na kwapani ile resho ya sahani mbili. Alisimama kwenye mlango wa ua. Mama yangu alikuwa ameandaa hotuba ya upatanisho kwa miaka mitano. Ilikuwa na utangulizi na mistari miwili ya Injili. Alifungua mdomo.

Koko aliitazama resho.

"Hiyo kitu iko na maji ndani," alimwambia Firmin. "Weka kwenye nyavu, ikauke."

"Ndiyo, Mama."

Akaiweka kati ya ndagala. Ndio ulikuwa upatanisho wote. Apolline aliifunga hotuba yake, na nadhani hajamsamehe mtu yeyote hadi leo.

Wiki iliyofuata maji yaliingia Ofisi, ambayo nayo ilikuwa na mandhari nzuri. Firmin alipanda na mkokoteni uliojaa mafaili yaliyolowa, ile mashine ya taipu ya zamani, muhuri, na kile kidau cha wino wa muhuri, ambacho kilikuwa kimekunywa ziwa la kutosha. Hapakuwa na mahali pengine pakavu penye hewa na jua. Kwa siku tisa hati za mji zilianikwa juu ya nyavu za Koko, upande wa kushoto, ndagala upande wa kulia, na yeye akipita katikati na kifagio chake.

"Mama, taratibu, hizo ni dosie za leta, za serikali."

"Dosie na ndagala ni kitu moja. Usipogeuza, inaoza chini."

Alizigeuza asubuhi na mchana. Hati za viwanja zilikauka vizuri sana. Mpaka leo ukienda kuomba nakala ya parseli ya miaka hiyo, unaitambua kabla ya kuisoma.

Ni hapo, mezani kwa Koko, kwenye kitambaa cha plastiki chenye picha za mananasi, ambapo tangazo namba 04 liliandikwa. Firmin alipiga taipu kwa vidole vyote, meza ikitetemeka. Koko alikuwa mlangoni akichambua samaki. Sekretere mzuri husoma kwa sauti alichoandika, na Firmin ni sekretere mzuri.

"...na hakuna mtu yeyote aliyekuwa na njia ya kujua maji yangefika wapi."

Mikono ya Koko ilisimama kwenye beseni.

"Nani ameandika hiyo?"

"Chef wa Ofisi amenipa mawazo. Minye nimepanga maneno."

"Umepanga muzuri."

"Mama..."

"Minye nasema umepanga muzuri. Kama singekuwa najua, ningeamini."

Firmin alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, leta haiwezi kuandika habari ya miyenzi."

"Leta iandike yake. Miyenzi haijue kusoma."

Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kibonge cha uzi wa nyavu. Alijua kwamba misumari na gundi vyote vilibaki majini, na tangazo bila kitu cha kulifungia ni karatasi. Firmin aliupokea. Alitoka na nakala sita chini ya kwapa.

Maji yalisimama mwishoni mwa mwezi huo. Yalisimama hatua sita chini ya miyenzi. Bienvenu alipita kupima, akapima mara mbili, akaketi chini ya mti wa kati akiwa na kamba mkononi. Koko alipopita akamgusa begani kwa kiwiko, kama muyenzi wa nne.

Nyumba ya chini haikurudi. Firmin alipata mabati, milango miwili, na vigae kumi na vinne ambavyo hakuna anayejua alivitaka vya nini. Kiangazi alijenga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yake, vidogo, vinatazama ukuta wa jirani. Mlima wa Burundi hauonekani hata ukipanda juu ya kiti. Mwezi wa nane vilikuwa tayari, ila hakuna moto uliowashwa humo. Claudette alipika kwenye jiko la Koko. Resho ilikuwa imekauka na inafanya kazi, nayo ilikaa kwenye rafu kama picha ya ndugu aliyeaibisha ukoo.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana Koko aliingia chumbani, akatoka amevaa kitenge chake cha Krismasi. Alichutama jikoni akachagua makaa matatu, akayaweka kwenye kigae cha chungu. Kutoka jikoni kwake hadi mlango wa Firmin ni hatua kumi na tisa, nimezihesabu. Alizitembea kama mtu anayekwenda Bukavu. Mjukuu mmoja alimwita, hakuitika. Jirani alimsalimia juu ya ukuta, "Jambo, Mama Firmin!", na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumjibu mtu. Firmin alikuwa amesimama mlangoni. Alisogea pembeni, akampisha.

Mkaa aliouandaa Firmin ulikuwa ule aliouokoa kutoka chini, na ulikuwa bado una unyevu. Moshi ulijaa chumba chote. Koko alipuliza, akakohoa, akautukana mkaa kwa Kifuliiru, akapuliza tena. Ulishika. Bugali alioupika ulikuwa wa ngumi moja, na katikati ulikuwa mbichi. Kila aliyekuwepo aliona unga mweupe. Firmin aliketi chini, akaula wote bila mboga.

"Iko namna gani?" Koko aliuliza.

"Iko muzuri, Mama."

"Iko mubichi."

"Iko mubichi, Mama."

"Basi sema hivyo," akasema, na akakaa kwenye kiti cha Firmin, bila kuombwa, kupumzika magoti.

Alikufa mwezi wa kumi, kwa homa ya siku nne. Siku ya tatu alitaka kujua ni nani anayegeuza ndagala. Tulimwambia ni Firmin. Alifikiri kidogo akauliza kama amevua viatu. Alikuwa amevivua. Hilo lilimridhisha.

Msibani maharagwe yalikuwa mazuri, saba juu ya kumi kwa kipimo chake. Nilipewa kazi ya kuandika historia ya maisha yake isomwe kanisani, na padri alinipa dakika tatu. Apolline alitaka habari ya nyumba iwemo. Firmin aliomba isiwemo, si kwa ajili yake, alisema, bali kwa ajili ya Ofisi. Tulijadiliana siku nzima na nusu. Mwishowe tulikubaliana kwa sentensi moja, ambayo ilisomwa mbele ya watu na ambayo kila neno lake ni kweli: "Alipenda watoto wake na aliishi upande wa juu wa barabara." Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, msalaba una alama ya kuuliza. Seremala aliichonga vizuri kuliko tarakimu.

Figa la tatu halijaonekana. Firmin alikwenda kulitafuta maji yaliposhuka, akiwa amekunja suruali, akipapasa tope kwa miguu pale ilipokuwa sebule yake. Alirudi na kigae cha kumi na tano.

Na zile nakala sita za tangazo: tano zilifungwa kwenye mbao za matangazo za mji, kama sheria inavyotaka, na ziwa lilizichukua kabla ya mwezi kwisha. Ya sita, ya mtaa wetu, Firmin aliifunga mwenyewe kwa uzi wa nyavu nyuma ya karakana ya seremala, kwenye muyenzi wa kati. Jua limeipausha kidogo, na muhuri wa pili bado unasomeka. Haikulowa.